Amemaliza shule ya upili akiwa na ulemavu: sasa aelekee wapi?

Kila mwaka mtihani wa kidato cha nne unapomalizika, wanafunzi hufunga masanduku yao ya bati na kurudi nyumbani. Wengi huanza mara moja kuuliza habari za chuo, kibarua, au jamaa wa mjini wa kuwapokea. Lakini yuko mwanafunzi mmoja ambaye aghalabu haulizwi lolote. Huyo ni yule anayetembea kwa magongo, asiyesikia, asiyeona vyema au mwenye kifafa. Watu wa nyumbani humwambia, "Wewe pumzika." Mapumziko hayo huweza kuendelea mwaka mmoja, mitano, hata maisha.

Juma hili, msomaji, tutaeleza jinsi ya kumsaidia kijana kama huyo avuke salama kutoka shuleni hadi kazini. Mfano wetu ni Kotile, kituo kidogo kilichoko kusini mwa Kaunti ya Garissa, katika eneo la Ijara, si mbali na Mto Tana. Huko watu hufuga ng'ombe na mbuzi, na wengine hulima kandokando ya mto.

Huenda ukauliza: mimi naishi Nairobi au Mombasa, Kotile yanihusu nini? Yakuhusu sana. Pengine wewe ndiwe ami au mjomba ambaye atapigiwa simu karo ya chuo ikitakikana. Pengine ndiwe mwajiri ambaye barua ya kijana huyo itatua mezani pako. Na ikiwa mwanao mwenyewe ana ulemavu, shida za Kotile ni zile zile za mtaani kwenu, ila huko barabara ni mbovu zaidi na hospitali ziko mbali zaidi.

Kwa nini hili ni jambo la afya?

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, miongoni mwa walio na umri wa miaka 5 na zaidi. Hiyo ni asilimia 2.2. Katika Garissa kuna sababu nyingine ya kulifikiria jambo hili sasa. Mwaka 2013 virusi vya polio vilirudi Kenya, na watu 14 wakathibitishwa kuugua, mlipuko ukiwa umeanzia Dadaab. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka mitatu wakati huo, leo amefikia umri wa shule ya upili. Kizazi hicho ndicho kinachobisha hodi kwenye vyuo na afisi zetu.

Kijana mlemavu anapokaa nyumbani bila shughuli, mwili wake huharibika. Asiponyoosha viungo, misuli na kano hufupika, goti likakataa kunyooka, na aliyekuwa akitembea kwa magongo akashindwa hata kusimama. Akishinda kitini, anaweza kupata vidonda vya mgandamizo. Akili nayo huumia. Kijana aliyezoea darasa na marafiki hujiona mzigo, akakosa usingizi na hamu ya chakula. Dalili hizo zikizidi majuma mawili, usiseme ni uvivu. Mpeleke kwa mhudumu wa afya.

Anza kabla ya mtihani

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kosa linalofanywa na familia nyingi ni kungoja matokeo ya mtihani ndipo zianze kufikiri. Nchini Marekani sheria inaitaka shule iandike mpango wa kumtoa mwanafunzi mlemavu shuleni na kumwingiza katika kazi au chuo kabla hajapita umri wa miaka 16. Mwanafunzi mwenyewe hualikwa kwenye kikao hicho, na huulizwa anataka nini. Hapa kwetu kazi hiyo mara nyingi humwangukia mzazi, lakini mpango wenyewe hauna ugumu. Akiwa bado na miaka miwili ya masomo mbele yake, keti naye pamoja na mwalimu, mchukue kalamu na kuandika majibu ya maswali manne:

1. Anapenda kazi gani, na ni kazi gani anayoiweza tayari?

2. Kazi hiyo inahitaji mafunzo gani, na alama gani za mtihani?

3. Ni kitu gani kitamzuia: macho, miguu, ngazi, choo, nauli, lugha?

4. Nani atashughulikia kila kizuizi, na kufikia mwezi gani?

Sikiliza majibu yake kwanza. Mzazi akisema "huyu atashona nguo" wakati kijana ana kipaji cha hesabu, karo itapotea bure.

Stakabadhi zake

Bila stakabadhi milango mingi haifunguki. Akitimiza miaka 18, kijana anahitaji kitambulisho cha taifa. Kwa miaka mingi wakazi wa kaunti za mpakani, Garissa ikiwemo, walipitia uhakiki wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho. Mnamo Februari 2025 Rais alitangaza kuuondoa. Usingoje basi mpaka siku ya mahojiano ya kazi ndipo ukimbilie kwa chifu.

Jambo la pili ni tathmini ya ulemavu. Hii hufanywa na madaktari katika hospitali ya serikali, kama vile hospitali kuu ya rufaa ya kaunti mjini Garissa. Ripoti hiyo ndiyo inayomwezesha kusajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, linalojulikana kwa kifupi kama NCPWD, na kupata kadi yake. Kupitia hazina ya baraza hilo, waliosajiliwa huweza kuomba msaada wa karo, vifaa kama viti vya magurudumu na vya kusaidia kusikia, na pia zana za kuanzia kazi. Kwa familia ya Kotile safari ya hospitali ni gharama kubwa, na mafuriko ya Tana, kama yale ya mwisho wa 2023, huweza kukata barabara. Kwa hiyo panga safari wakati wa kiangazi, na umalize tathmini, miwani na ukaguzi wa kiti katika safari moja.

Mwili uwe tayari kwa kazi

Kijana anayetumia kiti cha magurudumu huenda bado anakalia kile alichopewa akiwa darasa la sita. Kiti kidogo hubana mapaja na kupinda mgongo. Tena, kiti kinachofaa sakafu ya hospitali hakifai mchanga, kwani magurudumu madogo ya mbele huzama. Kwa ardhi kama ya Kotile, kiti kirefu chenye gurudumu moja kubwa mbele hupita vizuri zaidi. Ikiwa hana hisia miguuni au makalioni, afundishwe kujiinua kitini kila baada ya dakika 15 hadi 30, awe na mto maalumu wa kukalia, na akague ngozi yake kila jioni kwa kioo. Wekundu usioondoka ni dalili ya kidonda kinachokuja.

Mwenye kifafa asiache dawa kwa ghafla hata kama amekaa mwaka mzima bila kuanguka. Wengi wenye kifafa kilichodhibitiwa kwa dawa hufanya kazi kama mtu mwingine yeyote. Waepuke tu kupanda juu ya mapaa, kuendesha gari bila idhini ya daktari, na mashine zisizo na kinga. Wenzake kazini waelezwe la kufanya akianguka: waondoe vitu vinavyoweza kumuumiza, wamlaze kwa ubavu, wasimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na wampeleke hospitali degedege likipita dakika tano.

Mwenye ualbino asitafutiwe kazi ya kushinda juani. Jua la Garissa humchoma ngozi na huweza kumletea saratani. Anahitaji mikono mirefu, kofia pana, mafuta ya kuzuia miale ya jua, ambayo NCPWD ina mpango wa kuyatoa, na miwani aliyopimiwa.

Mafunzo yanapatikana wapi?

Karibu na nyumbani kuna North Eastern National Polytechnic mjini Garissa. Mbali zaidi kuna vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya walemavu hasa, kama Machakos Technical Institute for the Blind kwa wasioona, Karen Technical Training Institute for the Deaf jijini Nairobi kwa viziwi, na Sikri huko magharibi kwa viziwi na vipofu. Kila njia ina faida yake. Chuo cha karibu humwacha kijana miongoni mwa jamaa na wateja wake wa kesho. Chuo maalumu kina walimu wanaojua breli au lugha ya ishara.

Kabla ya kulipa karo, piga simu au umtume jamaa akaone kwa macho. Je, karakana iko ghorofa ya ngapi? Choo kina nafasi ya kiti? Kuna mkalimani wa lugha ya ishara darasani, au kiziwi atakaa akitazama midomo tu? Bweni la wasichana lina ulinzi? Swali hili la mwisho usilionee haya, kwani wasichana walemavu wamo katika hatari zaidi ya kudhulumiwa, na wengi hukosa wa kumwambia.

Aonje kazi mapema

Uchunguzi uliofanywa Marekani kwa miaka mingi umeonyesha kuwa mwanafunzi mlemavu aliyewahi kufanya kazi ya malipo kabla ya kumaliza shule huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuajiriwa baadaye. Sababu si fumbo. Amejifunza kuamka mapema, kuwasikiliza wateja na kuomba msaada pale anapouhitaji.

Tuseme kuna binti wa Kotile mwenye mtindio wa ubongo. Anatembea kwa kuyumba na mkono wake wa kulia ni mgumu, lakini akili yake ni timamu na hesabu anaziweza. Likizo ya kidato cha tatu anakaa katika duka la dawa za mifugo, akiandika mauzo kwa mkono wa kushoto. Mwenye duka anagundua kwamba binti hawezi kubeba katoni, lakini daftari halina kosa. Binti naye anagundua kwamba kusimama kutwa kunamchosha, ila akipewa kiti kirefu anamaliza siku. Baada ya mtihani anajiunga na mafunzo ya uhasibu mjini Garissa, akijua tayari atakachomwomba mwajiri: kiti. Kama angengoja nyumbani, jambo dogo hilo asingelijua.

Kwa kijana ambaye akili yake huelewa polepole, kazi igawanywe hatua ndogo ndogo. Awepo mtu mmoja wa kumwonyesha hatua ya kwanza mpaka aizoee, kisha ya pili. Kunywesha mbuzi kwa zamu, kupanga bidhaa dukani au kumwagilia bustani ni kazi kamili ikifanywa kila siku na kulipwa.

Neno kwa mwajiri

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ndiyo iliyoanzisha hesabu ya asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa walemavu. Sheria mpya ya mwaka 2025 ilichukua mahali pake, nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi hizo. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kuheshimiwa na kufika mahali pote pa umma.

Lakini usimwajiri kwa kuogopa sheria tu. Anapokuja kwa mahojiano, zungumza naye mwenyewe, si na ndugu aliyemleta. Usimuulize "una ugonjwa gani?" bali "kazi hii utaifanyaje, na unahitaji nini?" Mara nyingi jibu ni jambo la gharama ndogo: meza iinuliwe, taa iongezwe, maagizo yaandikwe badala ya kutamkwa. Mpe mwenzake mmoja wa kumwelekeza majuma ya kwanza. Na akikosea, mrekebishe kama unavyowarekebisha wengine. Kumsamehe kila kitu ni njia nyingine ya kumwambia kwamba hukutarajia lolote kutoka kwake.

Neno kwa jamaa

Msaada wa jamaa ni mkubwa katika sehemu za Garissa, na ni sifa njema. Hata hivyo, shilingi za kila mwezi za kumtunza kijana nyumbani zingeweza kulipa karo ya chuo, cherehani au mbuzi wa kuanzia. Wewe uliye mjini, uliza kabla hujatuma pesa: kijana ana kadi? Kiti kinamtosha? Ameulizwa anataka kazi gani? Ikiwa jibu ni hapana, anza hapo. Nauli ya kumfikisha hospitali ya Garissa kwa tathmini, kabla mvua haijaziba njia, huenda ikamfaa kuliko zawadi yoyote utakayomtumia mwaka huu.