Kwa Nini Jelikoti Hubaki Ikinata?

Mwamkulu, iliyomo katika Manispaa ya Mpanda, yajulikana zaidi kwa mpunga kuliko kwa mashua. Hata hivyo, msafiri atokaye huko na kuelekea magharibi hatimaye hufika Ikola na Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako chombo kizima ndicho riziki ya nyumba. Kwa miaka mingi vyombo hivyo vilikuwa vya mbao. Siku hizi zipo pia boti za nyuzi za kioo, ambazo mafundi huziita boti za faiba. Kijana anayesoma Kemia Mwamkulu leo, yumkini kesho akawa fundi wa kuzitengeneza. Kwa hiyo yafaa aelewe tatizo moja linalowasumbua mafundi wengi: rangi ya juu ya boti, iitwayo jelikoti, kukataa kukauka.

Jelikoti ni nini?

Jelikoti ni utomvu wa poliesta uliotiwa rangi, nao huyeyushwa katika kimiminika kiitwacho stirini. Hupakwa kwa unene wa karibu nusu milimita ili kuzikinga nyuzi za kioo zisiingiwe na maji wala kuharibiwa na jua.

Rangi ya maji hukauka kwa sababu maji yake huenda hewani. Jelikoti haikauki kwa njia hiyo, bali huganda kwa mmenyuko wa kikemia. Fundi huongeza kiasi kidogo cha peroksaidi. Chumvi ya kobalti, ambayo kwa kawaida imekwisha kutiwa kiwandani, huivunja peroksaidi hiyo, na hapo huzaliwa radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Radikali hizo huziunganisha molekuli za stirini na za poliesta mpaka zikawa wavu mmoja mgumu.

Mafundi huiita peroksaidi kichocheo. Mwanafunzi azingatie kwamba kichocheo halisi hubaki kilivyo mmenyuko unapokwisha, ilhali peroksaidi huvunjika na kutumika. Kwa kweli yenyewe ni kianzishi. Katika mchanganyiko huu, kobalti ndiyo iliyo karibu zaidi na maana ya kichocheo.

Sababu mbili za kunata

Sababu ya kwanza ni hewa. Oksijeni huzipenda mno radikali huru. Inapokutana nazo juu ya jelikoti, hushikamana nazo na kuzifanya radikali dhaifu zisizoweza kuendeleza mnyororo. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya chini huwa ngumu kama inavyotakiwa, na utando mwembamba wa juu hubaki ukinata. Hilo si kosa la fundi. Katika kalibu, ambamo jelikoti hupakwa kwanza na nyuzi hulazwa juu yake, unato huo una manufaa, kwani husaidia tabaka linalofuata kushikamana. Lakini katika kuziba mkwaruzo, upande ulioachwa hewani ndio uso wa boti.

Sababu ya pili ni kutoiva. Hapa tabaka zima ni laini, kuanzia juu hadi chini. Huenda peroksaidi ilikuwa kidogo mno, haikukorogwa vema, au ilikuwa kuukuu. Huenda tabaka lilipakwa jembamba kupita kiasi, stirini ikapotea hewani kabla ya kuungana. Huenda pia baridi ilikuwa kali. Katika nyanda za Mpanda, usiku wa Juni na Julai, joto huweza kushuka chini ya digrii 18 za Sentigredi, na katika hali hiyo mmenyuko huenda polepole sana au hukwama.

Kupima kabla ya kutibu

Dalili ya maradhi haya mawili ni moja, bali dawa zake ni mbali mbali. Kwa hiyo fundi apime kwanza. Achukue kitambaa chenye asetoni kidogo na kufuta sehemu ndogo, kisha abonyeze kwa ukucha. Ikiwa unato umeondoka na chini pamekuwa pagumu, kosa ni la hewa. Ikiwa ukucha unazama, au rangi inaendelea kutoka kitambaani, jelikoti haikuiva.

Dawa yake

Kwa unato wa hewa, futa utando kwa asetoni, kisha piga msasa wa maji na ung'arishe. Wakati mwingine, zuia hewa mapema: funika sehemu iliyopakwa kwa karatasi laini ya plastiki, au changanya jelikoti na nta ya parafini iliyoyeyushwa katika stirini. Nta hupanda juu na kuwa kifuniko. Ukitaka kupaka tena juu ya nta, sharti upige msasa kwanza, la sivyo tabaka jipya litabanduka.

Kwa jelikoti ambayo haikuiva, jaribu kwanza kuipa joto la polepole la digrii 30 hadi 40, mbali na moto. Kama kianzishi kilitosha na baridi ndiyo iliyozuia, itaganda. Kama kianzishi kilipungua, joto halitasaidia: kwangua yote, safisha, upake upya. Kupaka peroksaidi tupu juu ya unato ni kupoteza mali, kwani haipenyi vya kutosha. Na atakayejenga juu ya tabaka laini atakuta mafundo na mabanduko baada ya boti kurudi majini.

Vipimo na tahadhari

Kwa kawaida hutumika gramu 1 hadi 2.5 za peroksaidi kwa kila gramu 100 za jelikoti. Maelezo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Tumia mizani, wala usikadirie kwa jicho. Kuzidisha pia ni kosa, kwa kuwa tabaka hudhoofika na rangi hupauka.

Peroksaidi hii huweza kupofusha jicho. Likiingiwa, lioshwe mara moja kwa maji mengi na mtu apelekwe hospitali. Isichanganywe kamwe moja kwa moja na kobalti, maana huweza kulipuka. Asetoni na stirini hushika moto upesi, na mvuke wake hudhuru. Fanya kazi mahali penye hewa, ukiwa na miwani na glavu.

Maswali ya kujipima

1. Fundi ana gramu 500 za jelikoti na anatakiwa kutia peroksaidi asilimia 2. Atapima gramu ngapi?

2. Vipande viwili vimepakwa jelikoti ya chombo kimoja. Kimoja kimefunikwa kwa plastiki, kingine kimeachwa wazi. Baada ya siku moja kilichofunikwa ni kikavu, na kilichoachwa wazi kinanata juu tu. Eleza ni sababu ipi kati ya mbili imejitokeza.

3. Kama vipande vyote viwili vingekuwa laini hadi chini, ungechunguza mambo gani, na kwa utaratibu upi?