Mtumbwini Huwezi Kumkwepa Mwenzako

Likizo iliyopita tulitoka Same, marafiki wanne, kutembelea Nyumba ya Mungu, bwawa linalopokea maji ya mito Ruvu na Kikuletwa. Mimi na mmoja wao tulikuwa hatusemeshani tangu Pasaka.

Mvuvi akatukalisha ubao mmoja, yeye kulia, mimi kushoto, kila mtu na kasia lake. Tukapiga kila mmoja kivyake. Mtumbwi ukazunguka palepale. Mvuvi akacheka: "Hesabuni pamoja!" Tukahesabu. "Moja, mbili" ndiyo maneno yetu ya kwanza baada ya miezi mitatu.

Soma Mathayo 5:23-24: kupatana kwanza, sadaka baadaye. Nami frateri mzima, Komunyo napokea kila siku!

Wewe je, unamkwepa nani? Mpigie leo.