UNAUZA TAA ZA LED? USIUZE CHIPU BILA DRAIVA

Wadau, niko Kapalamsenga, nauza taa za kuvulia dagaa kwa WhatsApp. Mwanzo niliunga chipu moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Dukani ziliwaka fresh. Ziwani, Karema, ziliungua usiku huohuo. Nikarudisha hela za taa 4.

Kosa langu: chipu ikipata moto inavuta umeme zaidi, inazidi moto, inakufa. Draiva ndiyo inazuia umeme usizidi.

Sasa nafanya hivi:
✅ Chipu 3 nyeupe za wati 3, zimeungwa kwa mfululizo: karibu volti 10
✅ Draiva ya volti 12, miliampea 600
✅ Aluminiamu ya kupoza
✅ Naiwasha lisaa lizima kabla ya kutuma

Mteja akilalamika bei, mwambie ukweli: analipia draiva.