Mashine za Umeme Katika Karakana ya Kikundi: Chagueni Vizuri, Rudini Nyumbani na Vidole Kumi

Vikundi vingi vya kujisaidia huku kwetu Garissa, Wajir na Mandera vimeingia katika useremala. Vinatengeneza madawati ya shule, vitanda, milango na meza za duka. Zamani fundi alitegemea msumeno wa mkono, randa na patasi. Siku hizi stima imefika miji mingi, jenereta zinauzwa sokoni, na paneli za sola ziko juu ya mabati. Kikundi kikichanga pesa, swali la kwanza huwa ni hili: "Tununue mashine gani?"

Swali ni zuri, lakini tunawaomba mtangulize lingine: "Ni nani ataishika, na ikimrukia itakuwaje?" Seremala akikatwa vidole, hapotezi vidole tu. Anapoteza kazi, watoto wake wanakosa karo, na kikundi kinabaki bila fundi. Mashine ikiharibika itanunuliwa nyingine. Kidole hakiuzwi dukani.

Katika somo hili tutaangalia jinsi ya kuchagua, kisha jinsi ya kutumia. Someni pamoja, na yule ajuaye kusoma awasomee wenzake kwa sauti.

1. Anzeni na mbao, si na duka

Kabla ya kununua, jiulizeni mnapasua mbao gani. Saipresi inayoletwa kutoka bara ni laini, hata mashine ndogo inaikata. Mathenge ni habari nyingine. Mti huu uliletwa nchini katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, na sasa umejaa kando ya Mto Tana. Wengi tunaulaani kwa sababu ya miiba yake na malisho uliyoyafunika. Hata hivyo mbao zake ni ngumu na nzito, na zikikauka vizuri hazipindiki ovyo. Zinafaa kwa viti, miguu ya meza na mipini.

Shida ni kwamba gogo la mathenge ni fupi na limepinda. Likiwekwa mezani linayumba, na gogo linaloyumba hubana meno ya msumeno. Hapo mashine hurushwa nyuma kwa nguvu, kumwelekea aliyeishika. Kwa hiyo chongeni kwanza upande mmoja uwe sawa, kwa shoka au tezo, ndipo mlete mashine. Toeni maganda pia, kwa maana hubeba mchanga unaomaliza meno upesi. Meno butu ni hatari kuliko makali, kwa sababu fundi hulazimika kusukuma kwa nguvu.

2. Pimeni umeme wenu

Kila mashine ina kibandiko kinachoonyesha wati zake. Kwa kawaida drili hutumia kama wati 600, grainda 700, na msumeno wa duara wa mkono 1,200 au zaidi. Stima yetu ya Kenya ni volti 240. Mashine iliyoandikwa volti 110 ikichomekwa moja kwa moja itaungua, hata kama mliipata kwa bei ya kutupa.

Wenye jenereta wakumbuke kwamba mota inapoanza huvuta umeme mara mbili au tatu ya ule ulioandikwa. Msumeno wa wati 1,200 unataka jenereta ya wati 2,500 hadi 3,000. Jenereta iwekwe nje, mbali na mlango na dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imewaua watu wengi duniani waliowasha jenereta ndani ya chumba.

Waya wa ekstensheni nao uangaliwe. Waya mwembamba na mrefu hupata joto na kuichosha mota. Ukiwa umezungushwa kwenye kibiringo, ufungueni wote kabla ya kazi, la sivyo joto litayeyusha plastiki yake.

Wenye sola wanaweza kufikiria drili ya betri. Hiyo chajini asubuhi. Betri hizi haziwezi joto kali, na karakana ya mabati ya Garissa saa saba mchana ni kama tanuri. Wekeni betri kivulini.

3. Tununue ipi kwanza?

Kwa kikundi kinachoanza, tunashauri mpango huu:

(a) Kwanza drili. Inatoboa, inakaza skurubu, na haina hatari nyingi kwa anayejifunza.

(b) Pili jigso. Inakata pole pole, na hata mbao zenye kona inaziweza.

(c) Tatu msumeno wa duara, wakati fundi mmoja au wawili wamekwisha kufundishwa.

(d) Mwisho randa ya umeme na mashine ya kupiga msasa.

Msiuze vifaa vya mkono. Stima ikipotea, ndivyo vitakavyomaliza kazi ya mteja.

Dukani msitazame bei peke yake. Ulizeni kama kaboni za mota na vipuri vingine vinapatikana Garissa au ni mpaka Nairobi. Washeni mashine, kisha achieni swichi: izime mara moja. Kwa msumeno wa duara, inueni kifuniko cha chini cha meno na mkiachie: kirudi chenyewe. Kisiporudi, rudisheni pesa mfukoni.

Tazameni pia alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Mashine yenye alama hiyo imekingwa mara mbili, nayo haihitaji waya wa athi. Isiyo na alama hiyo lazima iwe na waya tatu na plagi yenye athi. Kuchomeka waya mtupu kwenye soketi kwa vijiti vya kiberiti ni kucheza na kifo.

Katika kila shilingi kumi za kununua mashine, tengeni mbili za kinga: miwani, vitambaa vya pua, vizibo vya masikio na vibano vya kushika mbao.

4. Grainda si msumeno

Jambo hili tunalisema peke yake, kwa sababu linaumiza watu wengi. Mafundi wengine hufunga diski ya meno ya kukata mbao kwenye grainda, na kuondoa gadi ili diski iingie. Wanaona wameokoa bei ya msumeno.

Tazameni hesabu. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Msumeno wa duara huzunguka kama mara 5,000. Diski nyingi za meno hazikutengenezwa kwa mwendo wa grainda, kwa hiyo jino laweza kuchomoka na kuruka kama risasi. Diski ikibanwa na mbao, grainda hutoka mkononi na kuja usoni, shingoni au pajani. Haina sahani ya kulala juu ya mbao kama msumeno, na mara nyingi swichi yake hubaki imewaka hata ikianguka.

Kikundi kipitishe azimio na kuliandika katika kitabu cha mikutano: grainda ni ya chuma, na gadi haitolewi.

5. Kanuni za kila siku

1. Chomoa plagi kabla ya kubadilisha meno au keekee. Kuzima swichi hakutoshi.
2. Funga mbao kwa vibano. Mguu si kibano, na mtoto si kibano.
3. Kipande kinachokatwa kianguke bure. Ukikitegemeza pande zote mbili, mbao hujifunga na kubana meno.
4. Simama kando ya mstari wa kukata, si nyuma yake.
5. Usivae glavu karibu na kitu kinachozunguka. Kanzu, kikoi, mtandio na mikono mirefu vikunjwe na kufungwa vizuri.
6. Miwani huvaliwa kila mara, hata kwa kazi ya dakika moja.
7. Funika pua. Mwaka 1995 vumbi la mbao liliwekwa katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani.
8. Jioni, puliza mchanga kwenye matundu ya mota. Mchanga wetu ni mwembamba na huua mashine mapema.
9. Aliyechoka au mwenye usingizi asiguse mashine. Mwezi wa Ramadhani, kazi ya kupasua ifanywe asubuhi na mapema. Alasiri iwe ya msasa wa mkono na rangi.

Hizi si kanuni za hiari tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye karakana kukinga sehemu hatari za mashine.

6. Ajali ikitokea

Mtu akipigwa na stima, msimguse. Zimeni swichi kubwa kwanza. Akikatwa, bonyezeni jeraha kwa kitambaa safi na kuinua mkono juu. Kidole kikikatika kabisa, msikitupe. Kifungeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitieni katika mfuko wa plastiki, na mfuko huo muuweke juu ya barafu. Barafu isikiguse kidole chenyewe. Kimbilieni hospitali. Namba ya simu ya mwenye gari iandikwe ukutani leo, si siku ya ajali.

7. Nani atatufundisha?

Vyuo vya ufundi vya vijijini vilianza nchini baada ya ripoti ya mwaka 1966 ya Baraza la Kikristo la Kenya, iliyouliza watoto wanaomaliza shule waende wapi. Hata leo kuna vyuo vya ufundi katika kaunti zetu, na mjini Garissa kuna North Eastern National Polytechnic. Pelekeni mtu mmoja akajifunze, kisha arudi kuwafundisha wenzake. Asiyefundishwa asiwashe mashine, hata kama ni mwenyekiti.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika karakana yetu, ni mashine gani imeondolewa gadi? Nani atairudisha, na lini?
2. Umeme wetu unatosha mashine tunayotamani? Pigeni hesabu pamoja.
3. Mwenzetu akiumia kesho, kikundi kimeweka akiba gani ya kumsaidia?

Haraka haraka haina baraka, wazee walisema. Kwenye msumeno wa stima, haraka huondoka na kidole.