Kansa Nyumbani: Mawazo ya Mgonjwa Nayo Yanatibika

Mtu wa hapa kwetu Mkuu akiambiwa ana kansa, safari zinaanza: Kosta ya alfajiri, Mwika, Himo, hadi hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako kituo cha matibabu ya saratani kilifunguliwa mwaka 2016. Wanaohitaji mionzi, wengi kwa miaka mingi wamepelekwa hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Nyumbani hesabu ni za nauli, vipimo na dripu. Usingizi wa mgonjwa hauhesabiwi.

Hofu, huzuni, hasira na aibu huwapata wengi wenye kansa. Si upungufu wa imani, wala si deko. Mwenye kansa ya mlango wa kizazi huongezewa na minong'ono kwamba alikuwa mhuni. Ukweli ni kwamba kirusi cha HPV kinachoisababisha ni cha kawaida mno. Wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, hata aliyekuwa na mume mmoja maisha yake yote. Anayeeneza maneno hayo kilabuni au baada ya ibada anamwongezea mgonjwa ugonjwa wa pili.

Jambo linaloumiza zaidi nyumba zetu ni siri. Watoto wanapiga simu kutoka Dar: "Daktari, mama asiambiwe." Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini mama yuko kliniki, anaona wenzake walionyonyoka nywele, anasikia mazungumzo yakikatika akiingia. Anajua. Naye anajifanya hajui ili asiwahuzunishe watoto, na kila mmoja analia chumbani kwake. Muulizeni kwanza: "Mama, ungependa kuelezwa kiasi gani?" Akisema anataka kujua yote, aelezwe. Akisema mwanawe fulani asikilize kwa niaba yake, hiyo pia ni haki yake.

Baba naye akinyamaza, msidhani anawaza kifo tu. Pengine anawaza ng'ombe aliyeuzwa, ada ya shule, au kihamba, shamba la ukoo, kitabaki na nani. Hayo yanazungumzika. Msisubiri Desemba watu warudi nyumbani, simu ipo.

Maumivu nayo huchochea mawazo. Mofini ya kunywa, ikitolewa na wahudumu wa tiba shufaa (tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa), si dalili kwamba daktari amekata tamaa. Ni dawa ya maumivu, na mtu aliyelala vizuri huongea vizuri.

Wahudumu wa saratani duniani wana kipimo rahisi ambacho hata nyumbani kinafaa. Muulize mgonjwa: "Kutoka sifuri hadi kumi, wiki hii moyo wako umesumbuka kiasi gani?" Akitaja nne au zaidi, mwambieni nesi au daktari safari ijayo, na mtaje kinachomsumbua. Asipotaja namba lakini wiki mbili mfululizo halali, hali chakula, hataki watu, au amegoma kliniki, msisubiri tarehe ya kadi. Nendeni Hospitali ya Huruma hapa Mkuu au kituo cha afya kilicho karibu. Huenda ni sonona, nayo ina dawa na ina ushauri.

Akisema heri afe, au anataka kujiua, msimkemee wala msimwache peke yake. Ondoeni kamba na dawa za kupulizia kahawa mahali anapoweza kuzifikia, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.