Aliyetazama Mtoto Akizama

Swali: Mwalimu, mtu anayejua kuogelea akimtazama mtoto asiyemjua akizama, asimwokoe, amevunja sheria?

Jibu: Inategemea yuko wapi. Kwa sheria ya Uingereza, ambayo Kenya na Tanzania ziliirithi kwa sehemu kubwa, mpita njia hana wajibu wa jumla wa kuokoa. Mzazi anao, mwokoaji aliyeajiriwa ufukweni anao pia, kwa kuwa mkataba umemfunga. Nchini Ufaransa ni jinai, hadi kifungo cha miaka 5, au 7 ikiwa ni mtoto wa chini ya miaka 15, ukiacha kumsaidia aliye hatarini ilhali ungeweza bila kujihatarisha. Kimaadili, kwangu mimi, mtazamaji huyo ana lawama nzito popote alipo, hata mahakama ikimwachia. Sheria husita kuamrisha wema kwa sababu mpaka wake ni mgumu kuchora: watazamaji wakiwa mia, ashtakiwe nani?