Mwiba wa mbigili na ugonjwa wa pepopunda



Mtoto wa Mlandege anayecheza mpira peku huijua mbigili kabla hajajua kusoma. Ni gugu linalotambaa juu ya mchanga mkavu, viwanjani na kando ya njia, lenye majani madogo na maua ya manjano. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vitano, na kila kipande kina miiba mikali. Kipande hicho hata kikianguka vipi, mwiba mmoja hubaki umetazama juu. Ndiyo maana hupenya ndara, hutoboa mpira wa baiskeli, na huja nacho mtu kwenye soli hadi uani kwake. Tusiichanganye na kishonanguo, kinachong'ang'ania kanga na suruali. Hicho ni usumbufu wa mfuaji tu.

Hatari ya mbigili ni udongo ulioshika kwenye mwiba. Katika udongo, hasa penye mavi ya ng'ombe, punda na mbuzi, hukaa vijidudu vya pepopunda, navyo huweza kulala humo miaka mingi bila kufa. Vijidudu hivi hustawi pasipo na hewa. Jeraha la panga hutoka damu na kubaki wazi, lakini tundu la mbigili ni jembamba, hujifunga upesi, na pengine ncha ya mwiba imebaki ndani. Hapo vijidudu huamka na kutoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu.

Dalili huja mara nyingi kati ya siku 3 na 21, wakati mwenyewe amekwisha kusahau kama alichomwa. Taya hukaza, kumeza huwa shida, shingo na mgongo hukakamaa, na mwili hushtuka kwa nguvu hata mlango ukibamizwa. Baadhi ya watu husema ni shetani, na siku za thamani hupotea kwa mganga. Mgonjwa wa namna hii apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Hauambukizi, basi msiogope kumbeba.

Ukichomwa, toa mwiba wote kwa sindano iliyochemshwa, kisha osha kwa sabuni na maji mengi safi. Usiweke majivu, tumbaku wala majani yaliyotafunwa. Huko ni kuongeza uchafu juu ya uchafu. Halafu nenda kituo cha afya ukaulize habari za chanjo, hasa ikiwa imepita miaka 5 tangu sindano yako ya mwisho.

Hapa niseme na akina baba. Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama huchanjwa kliniki akiwa mjamzito. Baba je? Wengi walichanjwa mara ya mwisho wakiwa wachanga, na kinga ile hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Hata aliyeugua pepopunda akapona hapati kinga kwa kuugua. Naye lazima achanjwe.

Na uani kwako, ing'oe mbigili ingali na maua, maana mbegu zake hukaa ardhini miaka kadhaa zikingoja mvua. Miiba iliyokwisha kukauka ifagiliwe na kuchomwa moto, isitupwe njiani. Anayefagia avae viatu, si ndara.